Ubeti Uliofutika kwenye Kanda

Mpwa wangu,

Wengi hukosea kudhani kwamba mgonjwa asiyejibu hasikii. Wauguzi humsalimia mdogo wako kila asubuhi, ingawa hajafumbua macho tangu ajali.

Sisi tunaendelea, ila goti langu linanisumbua na mama yako hali chakula vizuri.

Juzi nilipeleka wodini ile kanda ya hip hop mliyoisikiliza mpaka mkakataa muziki mwingine wote. Muuguzi akacheka. "Mzee, hizo kelele ndiyo dawa?"

"Huyu kakulia humo, binti yangu," nikamjibu.

Unakumbuka wimbo wa tatu ulivyolika kwa kurudishwarudishwa, hadi ubeti mmoja ukafutika kabisa? Mkawa mnaujaza wenyewe, wewe mstari mmoja, yeye unaofuata. Basi kanda ilipofika hapo, ikibaki mikwaruzo mitupu, midomo yake ikacheza. Ikatulia kwa muda wa mstari mzima, kisha ikacheza tena. Nilirudisha mara tatu nisije nikajidanganya. Alikuwa anakuachia nafasi yako.

Daktari ameniambia nisihesabu wiki, nihesabu siku. Najua ni wewe uliyekuwa unaendesha ile pikipiki, na najua ndiyo sababu ulitoroka. Mama yako bado hataki kusikia jina lako, mpe muda. Mdogo wako hana muda huo.

Leo hii, ukimaliza kusoma, jirekodi kwenye simu ukighani mistari yako, unitumie.

Mjomba wako