Neno Alilolikataa Msimamizi

3 Machi
Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi hivyo hivyo tu, napiga pasi mashuka ya hospitali kwa ile mashine kubwa. Baba, umefundisha Kiingereza miaka thelathini. Niliomba likizo ya wiki moja, nikaandika "I am insomniated", yaani sipati usingizi. Msimamizi akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, wakacheka, akanirudishia fomu. Eti hicho si Kiingereza. Neno hilo lipo? Nijibu upesi.
Kitindamimba wako

19 Machi
Kitindamimba wangu,
Marahaba. Kifua kinasumbua, lakini si haba. Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nakurudishia. Mkato umeusahau mara mbili. Neno lako halimo katika kamusi zangu hata moja, umelishona mwenyewe kwa viraka. Andika "I have insomnia", upeleke fomu upya. Mwanangu mimi achekwe kwa Kiingereza!
Baba yako

6 Aprili
Baba,
Shikamoo. Barua hii ananiandikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Niliandika ulivyoniagiza, hakucheka mtu, nikapewa likizo ianze Jumatatu. Ijumaa nikasinzia nimesimama. Mashine imekula vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia.

Sikulaumu. Ila silali tangu mlipomzika Mama bila mimi, na hukuniuliza kwa nini silali. Uliniuliza mkato uko wapi.
Binti yako

21 Aprili
Mwanangu,
Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako palepale posta, na nakujibu nikiwa hapahapa.

Sikukuuliza kwa sababu nilijua. Mimi pia silali. Nikakimbilia kamusi, maana kwenye kamusi ndiko ninakoweza kukujibu bila aibu. Ulidhani mama yako alifariki ghafla. Hapana. Alikuita siku tisa. Shangazi yako alitaka kukupigia simu, mimi nikamkataza, nikasema utaacha kazi bure, mgonjwa atapona. Nilijiona nina akili. Hata alipokata kauli, asiweze tena kutamka neno, niliendelea kuahirisha, mpaka tukamzika.

Nisamehe ukiweza. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitasoma yote.
Baba yako

8 Juni
Hujambo, mwanangu? Mkono unaendeleaje? Posta wananiambia hakuna kitu, na karani sasa anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nitakwenda tena Jumatatu.
Baba