Mtu Aliyekufa Hashiki Simu

Ziwa la Ng'ombe, Kisauni

Mama yangu mpendwa,

Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya Molo, imepungua au bado mnaota moto hadi jua litoke? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, mama. Nimechoka hadi kope.

Wiki ya tatu hii napiga simu na hushiki. Dada Wambui alinipa ujumbe wako: "Mwambie mtu aliyekufa hashiki simu." Nilicheka, kisha nikaketi kitandani nikalia. Basi nakuandikia.

Sikukusudia ubaya. Ile albamu tuliirekodi Magogoni, chumbani kwa fundi mmoja aliyegongelea magodoro ukutani kuzuia kelele. Feni ilizimwa kwa sababu inavuma, na adhana ikianza tunaweka magitaa chini tunangoja. Nilikuwa nikitoka kiwandani Changamwe nikinuka mafuta ya kupikia, naimba huku jasho likinitiririka. Nyimbo saba zilikuwa tayari, za ng'ombe, za viazi, za barabara ya kwetu. Fundi akasikiliza akatikisa kichwa. "Muziki wa kantri bila kaburi hauuzi," akasema. Nikamwambia kwetu hakuna aliyekufa. "Si utunge tu?" Nikatunga. Nikakuzika kando ya zizi, mvua ikinyesha, nami niko mbali sina nauli. Nilidhani ni wimbo tu.

Ndio huohuo uliovuma. Redio zinaupiga kila asubuhi, na watu wetu wa bara walioko huku, wa bandarini na wa malori, wanauimba wamefumba macho. Kila Jumamosi naitwa, leo Likoni, kesho Voi. Navaa mabuti na kofia pana katika joto hili hadi miguu imetoka malengelenge, na Jumatatu alfajiri niko kiwandani. Nyimbo zile saba hakuna anayezitaka.

Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, aliusikia akaniletea sinia ya wali. "Pole mwanangu. Sote ni wa Mola, na kwake tutarejea." Nikaula kwa aibu. Siku ya tatu nikamwambia ukweli. Akashika kiuno.

"Mamako yu hai? Nawe wamlilia maiti? Huo ni uchuro, wallahi! Kamtake radhi kabla hujaimba tena."

Nilimwahidi. Jumamosi nikapanda jukwaani Likoni, nikawaambia watu mama yangu yu hai, yuko Molo anakamua ng'ombe, na amenikasirikia. Wakacheka wakidhani ni mzaha, wakapiga meza wakiutaka wimbo wao. Nikauimba. Hapo katikati machozi yakanitoka, mama, na hayakuwa ya jukwaani. Sijasikia sauti yako kwa wiki tatu, na kwa muda kidogo sikujua kama naimba uongo au kweli. Niliogopa sana.

Sasa wananitaka Nakuru mwezi ujao, ukumbi mkubwa, karibu kabisa na nyumbani. Nimewaambia wangoje. Siwezi kukuzika Jumamosi, halafu Jumapili nije kubisha mlangoni kwako. Ukisema niuache wimbo huo nitauacha, na wao wakiniacha, basi. Naomba radhi yako. Na kama hasira haijaisha, nitukane, ila nitukane kwa simu nisikie.

Msalimie baba, na umwambie asijisumbue kunitetea kwako, kosa ni langu. Msalimie shangazi wa duka la maziwa, na mwalimu wa kwaya aliyenishikisha gitaa mara ya kwanza. Wambui naye, aliyebeba maneno yako bila kuyatia sukari, mwambie asante.

Ni mimi mwanao, ambaye hajafiwa,

Kamau