Ukuta wa Wachimú

Jumatatu, 3 Juni
Ukuta ubomolewe Ijumaa! Ndivyo alivyotangaza leo Dakta Urteaga, mkuu wetu wa uchimbaji wa mambo ya kale, kasimama ukingoni mwa shimo na viatu vyake vya Lima. Meya mpya anataka kuzindua ukumbi wa makumbusho ya "mabwana wetu wenyewe" wa kale wa Lambayeque, huku kaskazini mwa Peru. Ukuta ulio mbele ya ukumbi ni wa Wachimú, wavamizi kutoka kusini — basi uondoke.

Nikamwambia matofali ya ukuta yana alama ya vidole viwili, ileile iliyoko kwenye matofali ya kiti cha bwana wa kale wa hapa. Ukoo mmoja uliyafyatua yote. Wachimú walipoteka, mfalme alibadilika, bwana wa hapa akabaki kitini pake, watu wake wakamjengea mgeni. Ukiuvunja umefuta nusu ya habari. Akacheka. Eti watalii hawapandi ndege kuja kutazama vidole. Mpumbavu!

Jumatano, 5 Juni
Nimegombana na Mjomba Eulogio, mnyapara wetu. Mwaka jana alibandika picha za meya wa zamani hadi kwenye banda la kuku. Leo kavaa kofia ya huyu mpya, na ndiye atakayepiga sururu ya kwanza. Nikamwita kigeugeu. Hakukasirika — hilo ndilo lililonichoma.

"Mameya wangapi wamepita, mama? Vijana wetu bado wana kazi hapa. Unadhani ni bahati?"

Nilipiga ndoo teke.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho nakaa juu ya ukuta. Wanivunje nao!

Ijumaa, 7 Juni
Niko juu ya ukuta. Wamekuja wote. Mjomba amekimwagia chicha, pombe ya mahindi, kilima hiki tunachochimba, maana hapa hakuna anayechimba kabla kilima hakijanywa. Kisha kibuyu kikazunguka. Anayekunywa amekubali kazi; mmoja akikataa, hakuna anayeinua sururu. Binamu zangu wanaochimba hapa wamekunywa. Sasa kiko magotini pangu. Nikikataa, nimemwaibisha mjomba mbele ya watu wake. Naandika ili nisiwatazame.

Ameniinamia, sauti ya chini. "Dakta anarudi Lima. Ukumbi utahitaji mkuu. Meya kaniuliza nani, nikampa jina lako. Kunywa, mama."

Nilitaka kumrushia kibuyu usoni — kwa nini sikurusha? Nimejisikia tu nikimwuliza kama nusu ya ukuta inaweza kubaki nikinywa.