Daraja Ulilolisusa

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ulinifunza kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amekasirika, nami siku zote arobaini nilikuwa na hakika umenikasirikia.

Ulituusia mara ngapi? "Daraja lile silipiti, hai wala maiti." Wewe uliyekuwa ukifunga kamba za feri, daraja lilipofunguliwa na feri ikaondolewa, ukalisusa. Sisi tukivuka kwa gari dakika mbili tu, kutoka Mnarani hadi Kilifi mjini. Wewe ulisema utavushwa kwa mashua, kama watu. Ukatuagiza siku yako ikifika tukuvushe vivyo hivyo, ukalale ng'ambo karibu na kaburi la Mama.

Siku uliyofariki, mashua nilikuwa nimeshaipata. Lakini yalikuwa maji ya bamvua, yanatoka kwa kasi pale mkono wa bahari unapobanwa. Unapajua kuliko mimi. Nahodha akakataa. Ami, nduguyo, akasema maiti haingoji maji. Tukalitia jeneza mabegani, tukapita darajani. Nilibeba upande wa kichwani, nalia, nakuomba radhi kila hatua. Tangu hapo sikulala vizuri, Baba. Nilijiona mwana aliyevunja wasia.

Jana, baada ya hitima ya arobaini yako, nilisimama kwa Bi Rukia muuza korosho, yule aliyekuwa akiwauzia abiria kwenye foleni ya feri. Siku hizi ana meza yake kando ya daraja. Nikamweleza yanayonikera. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Babako? Mbona kila Ijumaa baada ya alfajiri alikuwa akipita hapa kwa miguu, aenda kumzuru mamako! Kofia ameishusha machoni, na korosho akinunua kwangu za kunifunga mdomo."

Kila Ijumaa, Baba! Nasi ukirudi ukituambia mashua imechelewa. Anasema ulikuwa ukisimama katikati, ukashika chuma, ukatazama chini feri ilikokuwa ikipita, kisha ukaendelea na safari yako. Na zile korosho tulizokuwa tukizigombea Ijumaa asubuhi, kumbe!

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena pale pale mbele ya watu. Jana nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Mzee mkaidi wewe.

Pumzika kwa amani karibu na Mama. Ijumaa hii nakuja kuwazuru, na kila Ijumaa Mungu akinijaalia. Nitapita darajani kwa miguu, nisimame katikati, pale pako. Kofia sitaishusha.

Mwanao,
Athumani