Sanduku la Kadi Zilizoharibika

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

«Mashine haina kabila, haina dini, haina undugu. Mashine ikisema muntu ni mupya kazini, basi ule muntu njo mupya.» Maneno ya Badibanga, katibu wa kamati ya Chama katika ofisi yetu, asubuhi hii, baada ya bendera. Watu wakapiga makofi.

Uongo. Na si uongo wa mjinga, maana Badibanga amesoma. Ile mashine kubwa ya Lubumbashi haisemi kitu. Inasoma matundu ya kadi. Matundu yanatobolewa hapa Kindu, katika chumba chenye madirisha mawili, kwa vidole vya wanawake sita, na mimi ndiye mkubwa wao. Tukitoboa kwamba mto Lualaba unapanda mlima, Lubumbashi watachapa kwamba mto Lualaba unapanda mlima. Nakala tatu.

Na mashine imesema nini? Imesema Okito, dereva wa treni ya Kibombo, ana mwaka mmoja kazini. Okito anaendesha tangu 1951. Lakini 1951 aliandikwa Okito Edouard, na namba yake ilianza na herufi E, maana Wabelgiji walipanga namba kwa jina la ubatizo. Mwaka jana majina ya ubatizo yakakatazwa. Akawa Okito Omalanga, akapewa namba mpya. Mashine ikamtafuta Okito Omalanga katika miaka ya nyuma, haikumwona. Ikamzaa upya.

Si yeye peke yake. Nimehesabu katika orodha ya Septemba: watu 612. Na barua ya Shirika letu la reli na bandari ni wazi. Aliye chini ya miaka mitano kazini hana haki ya nyumba ya kambi. Watoke kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Nilitaka kusimama nimjibu palepale. Sikusimama. Mimi Mbombo, niliyewahi kubishana na askofu gazetini, wiki tatu mfululizo. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano, 3 Oktoba

Sababu ya makofi yale ni hofu. Niiandike, labda itapungua.

Mwaka jana tuliamriwa kutoboa kadi mpya na kuchoma za zamani. Nilichoma chache, za waliokwisha kufa, mbele ya Badibanga, moshi ukamwingia machoni, akaondoka. Zilizobaki sikuchoma. Zimo katika sanduku chini ya meza yangu. Juu yake nimeandika: KADI ZILIZOHARIBIKA. Kila kadi imechapwa jina la zamani ukingoni, na ina mwaka wa kuanza kazi. Nyuma nimeandika jina jipya kwa kalamu. Kati ya Okito wa jana na Okito wa leo hakuna daraja lingine.

Chama kina jina lake kwa sanduku kama hilo — uasi. Mwaka jana fundi mmoja wa bandarini alimwita mwenzake Gérard, mtu asiyefaa akasikia. Alikaa ndani wiki tatu. Kwa jina moja. Mimi nina mia sita na kumi na mawili.

Halafu kuna hili. Lubumbashi wametoa nafasi moja, kuanzia Januari: kujifunza kuandika programu. Si kutoboa tena — kuiamuru mashine. Nilifanya mtihani mwezi wa saba, nikawa wa kwanza. Nina miaka arobaini na minne. Katika chumba kile nilianza kwa kufagia. Nilijifunza kutoboa kwa kutazama mikono ya wengine, nikajifunza kupanga safu kwa kusoma vitabu vya mashine ambavyo wakubwa walivitumia kuegemeza mlango. Imebaki karatasi moja tu, cheti cha uzalendo, chenye sahihi ya katibu wa kamati.

Badibanga amesema atatia sahihi wiki ijayo. Alitabasamu aliposema. Tangu hapo nalitafsiri lile tabasamu, kila mara linatoka na maana nyingine.

Jumamosi, 6 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tumekata majani kando ya reli, ofisi nzima pamoja na madereva. Okito alisogea karibu nami na panga lake.

— Mama Mbombo, nasikia mimi niko mutoto wa mwaka moja.

— Ndivyo mashine inavyosema, Baba.

— Basi wanipatie maziwa.

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Alipoinama tena aliniambia chini-chini kwamba mke wake Philomène ameanza kufunga vyombo, labda watakwenda Lokandu kwa shemeji. Akaniuliza: «Wewe unajua mambo ya mashine. Haiko namna?»

Nikamwambia hakuna. Rafu yangu imejaa vitabu vya watu waliokubali kufa kwa kusema ukweli, nami nimeshindwa kusema «iko».

Maana iko. Katika kadi mpya, safu ya 71 na ya 72 ni tupu. Nikitoboa humo mwaka wa kuanza kazi, Lubumbashi watausoma mwaka bila kusoma jina. Hakuna jina la Mzungu, hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini ili niujue mwaka, lazima nifungue sanduku. Mchana, juu ya meza, watu wakipita.

Zéphirin anasema nisubiri Januari. (Mume wangu. Kazini kwake, stesheni, ni sitwayeni Kazadi, yaani raia Kazadi, kama Chama kinavyotaka tuitane. Humu ataitwa jina alilonioa nalo.) Nikishafika Lubumbashi, anasema, nitarekebisha kutoka huko. Nikamjibu kwamba mwezi unakwisha tarehe 31. Akasema kalenda anaijua. Kisha polepole: sisi ni watu wa Kasai, tuko kwa watu, wakitafuta wa kulaumu hawatatafuta mbali. Nikasema Badibanga naye ni wa Kasai. «Njo maana atakuwa wa kwanza kunyoosha kidole», akasema.

Nikachukua daftari hili.

Jumanne, 9 Oktoba

Imetokea. Si kwa mkono wa adui — kwa mkono wa Mauwa, msaidizi wangu, mama wa watoto wanne, mtu mwaminifu kuliko wote chumbani.

Kadi zilizokosewa kweli huwa tunawapa wauza karanga wa stesheni. Ni ngumu, zinakunjika vizuri kuwa vifuko vya karanga. Leo nilikuwa nimeitwa ghorofani. Sharifa wa karanga akaja dirishani kuomba. Mauwa akainama, akasoma juu ya sanduku: kadi zilizoharibika. Akatoa kiganja kizima.

Nilirudi nikaona sanduku limevutwa. «Nimemupatia Sharifa kidogo tu, Mama. Si zimeharibika?»

Kosa si lake. Niliuandika uongo kwa herufi nzuri mno.

Nilikimbia hadi stesheni. Wanawake wa umri wangu hawakimbii, watu walisimama kutazama. Nikanunua karanga zote zilizobaki. Kadi kumi na saba. Alikuwa amepewa ngapi? Ishirini na kitu, hakuhesabu.

— Zingine zimeenda na watu, Mama. Wamekula.

— Watu gani?

— Wa treni. Na ule mukubwa wenu wa Chama, ule wa miwani. Yeye njo alichukua mbili.

Nilitembea kurudi ofisini nikitafuna karanga, ili niwe mwanamke anayetafuna karanga tu. Hazikuwa na ladha yoyote.

Mauwa nimemwambia yote, mlango umefungwa. Alilisukuma sanduku chini ya meza kwa mguu. Kisha akasema: «Mimi jina langu njo Mauwa tangu kuzaliwa, hakuna wa kunikataza maua. Lakini baba mukwe wangu iko kwa ile orodha.» Akarudi kwenye mashine yake.

Jumatano, 10 Oktoba

Hakuna kitu. Badibanga alinisalimu ukumbini kama kawaida. Hilo ndilo baya.

Alhamisi, 11 Oktoba

Amekuja nyumbani. Saa kumi alasiri, Zéphirin yuko kazini. Bila beji ya Chama kifuani — jambo la kwanza nililoona. Akakaa, akaweka mezani kadi mbili zenye mafuta ya karanga.

— Mama Odile, akasema.

Odile. Karibu miaka miwili hakuna mtu wa ofisi aliyeniita hivyo. Nilidhani ni mtego. Bado nadhani.

— Mimi naitwa Mbombo, sitwayeni.

— Tuko kwako, tuko wawili tu. Yangu iko?

— Yako nini?

— Kadi. Florentin. Nilianza bandarini mwaka wa arobaini na tisa. Orodha ya Septemba imeniandika mwaka moja. Majirani wanamuuliza bibi yangu, Françoise, kama tunahama.

Mtu wa «mashine haina undugu»! Nilikuwa na jibu mdomoni, tamu, limeiva. Nililimeza. Mtu mwenye hofu humeza maneno yake kabla hayajapoa.

Anachotaka: nitoboe mwaka wake, wake tu, kimya. Zilizobaki nizichome mbele yake. Yeye atatia sahihi cheti changu, na Januari nipande treni ya Lubumbashi. Nikikataa, hizi kadi mbili zitafika kwa polisi wa Usalama Jumatatu asubuhi. Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayepanga viti vya harusi.

Nikamwuliza: na Okito? «Okito ni mwanaume, atajua la kufanya.»

Nikasema anipe hadi Jumamosi. Akakubali. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza kama kweli iko, au ilichomwa na zile za kwanza. Nilimwona usoni. Anaogopa kama mimi. Hilo halikunituliza hata kidogo: mtu anayeogopa hukanyaga chochote kilicho karibu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tumetoboa. Zote.

Kuanzia saa moja asubuhi. Mauwa anasoma mwaka, mimi natoboa, wengine wanne wanaimba nyimbo za Chama kwa sauti ya juu na kupiga makofi, mlango wazi nusu. Hakuna mwanaume katika jengo hili anayethubutu kukatiza mazoezi ya nyimbo za Chama. Mkurugenzi mwenyewe alipita, akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo, akaenda zake.

Kadi za zamani saba hazikuwepo, zimekwenda na karanga. Tulilinganisha na orodha tukawajua wenyewe, na Mauwa akawafuata kuwauliza mwaka. Mmoja alijibu: «Njo mwaka bibi yangu wa kwanza alikimbia.» Ikabidi atafutwe huyo mke wa zamani. Anakumbuka vizuri: 1957.

Ilipofika ya Badibanga, kidole kilisimama. Kisha nikatoboa: 49. Sikumhurumia. Nikimruka mmoja, kazi yangu inageuka kisasi, na safu ya 71 inakuwa kalamu ya Mbombo ya kugawia watu maisha. Siutaki uwezo huo. Afadhali nisifike Lubumbashi kuliko kufika nikiwa nimejifunza hilo.

Kadi mpya zimeondoka na treni ya saa kumi, pamoja na barua kwa mkubwa wa chumba cha mashine: soma 71 na 72. Okito ndiye anaendesha hadi Kibombo. Hajui amebeba nini.

Kwa zile za zamani nilishika kiberiti mara mbili. Lakini Lubumbashi wakiuliza ushahidi? Sijachoma. Siandiki zilipo.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimemwambia. Kando ya reli, katikati ya salongo, makusudi, watu wakiona lakini hawasikii.

— Yako imetobolewa. Arobaini na tisa.

Akafumba macho kidogo. Akashukuru.

— Na za wengine wote, nikasema.

— Wote?

— Mia sita na kumi na wawili.

Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. «Umeniweka safu moja na Okito», akasema. Nikamjibu kwamba ndiko alikokuwa tangu mwanzo, ndiyo maana alikuja kwangu. Lilikuwa jibu zuri. Nimelijutia kabla halijafika mwisho wake.

Cheti hakikutiwa sahihi. Zéphirin hajanilaumu. Amenipigia pasi nguo zangu zote, zote, na kuzipanga katika sanduku la safari. Hakusema ni kwa safari ipi.

Jumapili, 14 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesikiliza magari. Kindu ina magari machache, kila moja unalijua kwa mlio wake. Lile la Usalama limepita mara mbili. Sijala.

Jumatatu, 15 Oktoba

Saa mbili kasorobo. Gari la Usalama limesimama mlangoni. Wawili, makoti yamefungwa hadi shingoni. Zéphirin anawapa viti, anawauliza habari za nyumbani kwao, anayavuta maneno ili nipate kuvaa. Nimekwisha kuvaa. Lubumbashi hawajajibu, kadi labda bado ziko njiani, labda hakuna aliyezisoma.

Ninyi wawili mlio sebuleni — daftari hili mtalisoma, ikiwa si leo, kesho — wanawake wa chumba changu walifuata amri yangu. Mwacheni Mauwa na watoto wake. Katibu wa kamati mnamjua, juu yake siongezi neno. Lakini kabla hamjaniuliza swali hata moja, nipitisheni stesheni. Treni ya Kibombo inaingia saa nne. Mwulizeni dereva Okito, mbele ya abiria, alianza kazi mwaka gani. Na atakachojibu mkiandike.