Dua Niliyoisomea Mashine ya Fatuma

Mahurunga,
Alhamisi, 14/8/2003

Mwanangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Marahaba ya shikamoo yako nakupa kabisa, maana najua umeshaitoa. Hamjambo hapo Mtawanya? Mkwe wangu Rajabu hajambo, mgongo umepoa? Mjukuu wangu Issa meno yamefika mangapi? Na mama mkwe wako bado anakohoa asubuhi? Mwambie achemshe mchaichai, asingoje. Huku baba yenu hajambo, yupo kwenye mikorosho anapuliza salfa, akirudi ni manjano mpaka kope. Bibi yenu hajambo ila masikio. Kaka yako Hassani hajambo, anakula tu. Mdogo wako Fatuma hajambo, tena sana, na habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mimi mzima ila moyo, utaelewa mbele.

Mwanangu, nimeona mambo! Unajua Fatuma alipata kazi kwa wale watu wa mradi wa malaria, kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani analala ndani ya chandarua na nani kaugua homa. Mimi nilidhani watampa daftari. Wamempa kompyuta ya mkononi, ndogo kama kipande cha sabuni ya mche! Anaigusa kwa kijiti kisicho na wino na maneno yanabaki humohumo. Kila Jumatatu gari linakuja na kompyuta ile kubwa ya kukunja, wanaiweka hapa barazani kwetu, Fatuma anaielekezea mashine yake, kichwa kwa kichwa, kama watu wawili wananong'onezana. Waya hakuna, wallahi! Inalia ti, mstari unajaa kwenye kioo, na nyumba zote alizozunguka wiki nzima zimehamia kule. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu, wakanicheka.

Nikamuuliza Lukasi, yule kijana wa kompyuta, maneno yanapita wapi. Akasema ni mwanga usioonekana, kama wa rimoti ya televisheni, unatoka kwenye kijidirisha cheusi kichwani mwa mashine. Nikauliza, na ukimpiga mtu je? Akanitania kuwa unapenya mpaka tumboni, hata sasa mashine inajua mama kala kisamvu. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Basi Jumatatu hii mimi nipo shamba nachimba mihogo, gari likaja mapema kuliko kawaida. Narudi na mzigo kichwani nakuta watu wamejazana barazani. Mashine ya Fatuma imegoma. Wamebadilisha betri, imegoma. Ya mwenzake Anna ikapitisha mara moja, kwa hiyo kompyuta haina kosa. Waya wa akiba wameuacha mjini. Bwana Gaudensi, msimamizi wao, akasema lazima Fatuma ameiangusha na anaficha. Akasema nyumba zote sitini na mbili zitaulizwa upya na Anna, na Fatuma abaki nyumbani. Unamjua mdogo wako halii mbele za watu. Alikuwa anakunja mkeka ambao umeshakunjwa.

Nikaomba niishike ile mashine. Bwana Gaudensi akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia mimi ni mama yake, naomba niisomee dua. Yeye Mkristo, mtu wa Songea, lakini alivua kofia. Nikaiingiza ndani ya kanga, nikasoma Fatiha polepole, nikaipangusa, nikamrudishia Fatuma nikasema jaribu. Ti! Mstari ukajaa mpaka mwisho! Zote sitini na mbili! Fatuma alinirukia nusura tuanguke na mihogo. Bibi yenu asiyesikia kitu naye akapiga vigelegele. Bwana Gaudensi akamwomba Fatuma radhi mbele ya wote, akasema mashine zikigoma tena atazileta kwangu. Tangu siku hiyo nimeletewa redio mbili na cherehani. Baba yenu ananiita mhandisi.

Sasa kaa chini, mwanangu. Haikuwa dua. Fatuma anaivaa ile mashine shingoni, inalala kifuani kutwa nzima, na maneno ya Lukasi yaliniingia. Hajaolewa huyu, hajazaa, mwanga unampenya tu? Nikachukua kiraka cha pancha cha baiskeli ya baba yenu, nikakata kidogo kama ukucha, nikakibandika kwa gundi juu ya kijidirisha. Cheusi juu ya cheusi, hakuna aliyeona. Nilisema Jumatatu nitakibandua gari halijafika. Kumbe ndio wakawahi. Ndani ya kanga nilikuwa nakwangua kwa ukucha huku nasoma maneno ya Mungu. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Tena limekua. Jana tumeletewa habari kuwa Ismaili, mwenzao wa kijiji cha jirani, mashine yake imeingia maji akivuka kijito. Lukasi anataka ipelekwe mjini haraka ifunguliwe, kabla haijaoza ndani. Ismaili kakataa. Anangoja Jumamosi ailete kwangu niisomee. Kazi yake ya siku nyingi imo humo, Mwanaisha, na ile haina kiraka cha kubandua. Leo alfajiri nimemtuma Hassani kwa baiskeli amwambie aiwahishe mjini, asinisubiri. Hassani kaniuliza kwa nini. Nimemwambia dua imeniishia.

Nimeshaamua kusema, kwa hiyo usinishauri ninyamaze. Ninachoogopa ni Fatuma kufukuzwa kwa kosa langu, baada ya mtu kumwomba radhi. Wewe uliyesoma niambie, nianze na yeye, au niende kwanza kwa bwana Gaudensi nibebe mwenyewe?

Nisalimie Rajabu, mbusu Issa, mama mkwe wako mpe pole. Wote hapa wanakusalimu, ila hawajui ninachoandika. Barua hii inakuja na gari la Abdallah, kesho mchana linarudi huku. Tafadhali mwanangu, jibu lipande gari hilohilo, hata mistari miwili.

Mimi mama yako,
Asia binti Hassani