Sindano za Kiwanda cha Mabegi

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Mgongo wake umekubali kunyooka? Na yule mwanao wa mwisho, bado anasinzia na tonge mdomoni? Mimi huku nipo, mzima kiasi cha kuhesabiwa pamoja na wazima, ila mabega yangu yanadai talaka. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo soma polepole. Ningepiga simu, lakini tukimtaja Mama tu, wewe hukata. Barua itakusubiri mpaka umalize kulia.

Shemeji amenieleza kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja mwisho wa mwezi kuichukua cherehani ya Mama. Nakuomba usimfungulie mlango kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Ile kazi ya kupakua saruji nimeiacha. Siku hizi nabeba cherehani. Usicheke. Si hizi nyepesi za kushonea mapazia, ni za kiwandani, chuma kitupu kama ile ya Mama. Kuna kiwanda cha sare kilifungwa zamani, paa likavuja, cherehani zikabaki humo kwenye mistari yake kama wanafunzi waliosahauliwa darasani. Tajiri wetu amezinunua zote, na fundi wetu anazifufua moja baada ya nyingine. Fundi mwenyewe ni mwanamke, mtu mzima. Tunamwita Mama Grisi, maana hata anawe vipi, kucha zake hazijapata kuwa na rangi nyingine. Nilipomuuliza mara ya kwanza chuma fulani kinafanya kazi gani, naye aliniuliza kama nimeajiriwa mabega au mdomo. Nikamwambia mabega ndiyo yanayolipwa, mdomo ni nyongeza. Akacheka, akanipa brashi ya waya. Tangu hapo nikimaliza kubeba, nasugua kutu.

Sikujua chuma kinaweza kusimulia habari za mtu, Dada. Unailoweka cherehani kwenye mafuta ya taa, uchafu ulioganda kama gundi unaachia, halafu aliyekuwa akiishonea anaanza kujitokeza. Moja rangi yake imelika mahali pamoja tu, umbo la kiganja kidogo, nami nikakaa nikijiuliza alikuwa msichana au mtu mfupi tu. Nyingine mtu alikunja kibanio cha nywele akakifunga kwa juu ili uzi upite vizuri, na mpaka leo unapita. Nyingine imeviringishwa kitambaa shingoni, na pini zake bado zimo, zimeshikana kwa kutu. Nauliza kila kitu. Mama Grisi anasema nina udaku wa mke mwenza.

Sasa, moja ilitushinda. Tuliisafisha, tukaitia mafuta, gurudumu likawa linazunguka laini kama limelambwa. Lakini ukiishonesha, inaruka mishono. Sindano inashuka, inapanda, kitambaa kinabaki na matundu matupu. Nilivyoelezwa ni hivi: chini ya sindano kuna ndoana inayozunguka. Sindano ikianza kupanda, uzi unajikunja kidogo karibu na tundu lake, na ndoana inapita hapo hapo kuudaka. Ikiukosa, hakuna mshono. Mama Grisi alibadili ndoana, akabadili springi, akaitukana pamoja na kiwanda kilichoizaa. Mwishowe akasema ivunjwe, iwe vipuri.

Nilipokuwa naifungua ndipo nikaona, kwenye ile fimbo inayoshika sindano, alama mbili. Moja nyembamba, safi, ya kiwandani. Nyingine chini yake, imekwaruzwa kwa tupa na mkono wa mtu. Nikauliza kwa nini ziwe mbili. Mama Grisi alifungua mdomo anitanie, akaufunga. Akavaa miwani. Akatazama.

“Mjinga ni mimi,” akasema. “Hii haiumwi. Imepangwa kwa sindano nyingine.”

Akanifafanulia kwamba aliyekuwa nayo alikosa sindano zake za kawaida, akapata ndefu za cherehani ya aina nyingine. Basi akaipandisha fimbo ili tundu la sindano ndefu lifike palepale penye ndoana, na akakwaruza alama asipapoteze. Sisi tukaja na sindano fupi, zile sahihi, tundu likawa linabaki juu na ndoana inapita chini bure. Kadiri tulivyoitia sindano iliyo yake kwa kitabu, ndivyo ilivyozidi kukataa. Alipekua droo, akapata sindano ndefu moja, akaichomeka. Ikashona kana kwamba kiwanda hakijafungwa.

Nikakaa chini, juu ya kreti. Mama Grisi akauliza kama ni mgongo. Nikamwambia hapana, ni mama yangu.

Dada, unakumbuka ulipoingia kiwanda cha mabegi? Mama hakutaka, alikufundisha kushona ili ukae ubavuni pake. Uliporudi kumsalimia ulimletea kopo la sindano, msimamizi wenu alikupa kwa mkono wake. Mama akazitazama, akasema si za cherehani yake, akaliweka kopo rafuni. Ukaondoka hujala. Baada ya hapo zikawa salamu za mlangoni, mpaka alipotutoka ghafla. Ulipotaka kuirithi cherehani, ulimwita kwanza yule fundi wa mtaani aikague. Akachomoa sindano iliyokuwemo, akacheka kwamba marehemu alikuwa anashonea sindano isiyo saizi yake, akaweka mpya iliyo sawa. Tangu hapo haijamshonea mtu. Na wewe uliniambia nikiwa nafunga begi langu la safari: “Mama amekufa na kinyongo nami. Hata cherehani yake hainitaki.”

Nikafunga zipu, nikaondoka. Leo ninalo jibu.

Ile sindano aliyoitupa yule fundi niliiokota mimi, nikatobolea mkanda wangu, kisha nikaichomeka kwa ndani. Nimesafiri nayo. Jana niliichomoa nikailaza juu ya meza kando ya ile ndefu ya Mama Grisi. Ni sawa kwa sawa, Dada, kichwa kwa kichwa, ncha kwa ncha. Ilikuwa sindano yako. Na kuna jambo jingine. Baada ya wewe kuondoka bila kula, haikupita muda Mama aliniomba nimwazimie tupa kwa jirani. Nikamletea, sikuuliza ya nini. Siku zile sikuwa mdaku.

Fungua kile kibati cha ubavuni, upande wa kushoto, umulike fimbo. Ukikuta alama moja tu, basi mimi ni mbeba mizigo niliyejitia ufundi, muuzie mtu wa chuma chakavu. Lakini nadhani utakuta mbili. Mama hakujua kusema samahani, hilo tunalijua sote. Ila aliigeuza cherehani yake nzima ili ikubali zawadi yako, akawa anashonea sindano zako kila siku, akisubiri urudi ukae ujionee mwenyewe.

Kopo liko rafuni pamoja na vifungo, kama wanao hawajalivumbua. Ukichomeka, mfereji mrefu wa sindano utazame kushoto. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, usikimbilie mota.

Nisalimie shemeji, mwambie alale kwenye kitu kigumu. Wanao nawabusu wote, hata mwenye tonge. Mama Grisi naye anakusalimu ingawa hakujui, anataka kusikia jibu kuliko mimi. Mnunuzi akija mpe maji ya kunywa, umwambie cherehani ina mwenyewe.

Kopo likiwa limepotea, usihangaike. Ile niliyoiokota nimeichomeka hapa chini ya jina langu. Ichomoe taratibu isikudunge.

Ni mimi mdogo wako,
Konokono